Kilo za Ulezi

Ijumaa, Juni 1999

Bado nacheka peke yangu, mama ameshagonga ukuta ninyamaze.

Wiki nzima kompyuta ya darasani imekataa kuzidisha idadi ya magunia ya mazao, zoezi langu, kwa uzito wa gunia. Inaandika kosa tu. Na mwalimu alisema atakayeweza ndiye atakayebaki kumsaidia kufundisha.

Leo nikaona. Mazao nimeandika matatu, uzito nimeandika wa mahindi na maharage tu. Ulezi niliuruka, maana nyumbani bibi huupima kwa kikapu, hajawahi kuupandisha kwenye mizani.

Nikajaza kilo za ulezi. Ikakubali.

“Dada mkimya, umefanyaje?” mwalimu akauliza.

“Nilisahau ulezi, shikamoo.”

Darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Jumatatu naanza. Naogopa kusimama mbele ya watu, ila salamu nimeshatoa.