Arusi ya Zawadi

Siku ya Pili, 28 Juni 1966

Nimepepeta maharagi tangu asubuhi. Mugongo inauma. Zawadi, mutoto yangu, iko Goma ku masomo ya masère, basista ba misioni. Ni mwaka yake ya mwisho. Nyumba ni kimya sana. Naongea na kuku.

Siku ya Tano, 1 Julai

Kamyo ya Goma ilipita hapa Kibabi. Kijana wa juu ya mizigo akapiga kelele: "Mama Zawadi! Masère anasema, Zawadi arusi!" Haikusimama. Vumbi tu.

Arusi! Mutoto yangu anaolewa, hata bila kutuambia! Niliketi chini, pale pale mu barabara.

Siku ya Posho, 2 Julai

Papa yake hakulala. "Nani alikuya hapa? Mbuzi yake ya mahari iko wapi?" Lakini asubuhi akachimba shimo, akatia ndizi, akafunika majani. Kasiksi, pombe ya ndizi. Anasema hasira ni hasira, lakini wageni batakunywa nini?

Mama Gasore, jirani yetu mufugaji wa ng'ombe kule mulimani, alileta maziwa. "Dada, mukatae mbuzi! Muombe ng'ombe, na nyinyi mupate kuwa bantu!" Nilicheka. Kisha nikalia, maziwa mu mikono.

Siku ya Mungu, 3 Julai

Nimeanza kusuka kitunga. Mama yangu alinisukia moja, ya mistari nyeusi, kule Shasha. Siku nilipoolewa bantu baliimba mpaka ku ziwa. Mama hakutoka mu jiko. Nikaingia kumuaga. Macho nyekundu. "Ni moshi tu, mwanangu. Enda." Nilikasirika. Nilifikiri hanipendi. Harufu ya ile jiko, samaki na moshi, naisikia mpaka leo.

Mikono imesahau mistari. Nafumua, naanza tena. Ikikumbuka, ni kama Mama ameketi hapa kando.

Nani ataimbia Zawadi kule Goma?

Siku ya Tatu, 6 Julai

Zawadi amefika. Peke yake, vumbi mpaka ku kope.

Papa yake: "Bwana iko wapi?"

"Bwana gani, Papa?"

Tukamuambia ile habari ya kamyo. Akafungua kinywa. "Haiko arusi! A réussi! Ni Kifaransa, 'amefaulu'. Nimepita examen!"

 Mama Gasore, mwenye alikuya kusikia habari, akaanguka chini kwa kucheka, anashika tumbo. "Ee, bakwe ya Kifaransa! Mbuzi yenu imeliwa na kitabu!"

Kasiksi tukakunywa vilevile. Nilicheza mpaka kitenge ikafunguka.

Lakini woga haikutoka. Mwezi wa tisa atakwenda Bukavu, kusomea ualimu. Siku zetu, kufaulu ilikuwa kuolewa: unatoka kwa mama yako na nyimbo. Unajua unakwenda kwa nani. Unarudi na mutoto ku mugongo. Sasa banatoka na cahier, daftari ya masomo. Niko na furaha. Niko na woga. Arusi ao a réussi, nyumba inabaki na kuku.

Siku ya Mungu, 4 Septemba

Kitunga imekwisha. Mustari moja imeenda upande. Zawadi anasema ile njo anapenda zaidi. Nimetia maharagi na chumvi ndani. Kamyo inapita kesho asubuhi.

Jioni nilikwenda kutafuta kuni ya jiko. Kavu zilikuwa nyingi. Nimeleta mbichi, ile ya moshi.