Muhuri Umeenda Mbinga

Temeke, Dar es Salaam
9 Januari

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Wiki nzima nausikia mlio wa muhuri wako wa enzi zile za utendaji wa kijiji: kwanza pumzi yako ukiupulizia, haa, halafu mezani, pa! Nilikuwa nikiusikia hata nikiwa jikoni na Mama, nikajua kuna mtu anaondoka barazani kwetu shida yake imekwisha. Natumaini kifua kimepoa, na goti la Mama sasa linamruhusu kuinama. Mie ni mzima. Mjomba Fakihi naye mzima, ila vumbi la mbao linamkohoza.

Najua umeshangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Nikikupigia unaweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza, na haya si ya nyumba nzima.

Unajua kwamba natafuta kazi, ila sijakusimulia kutafuta kazi Desemba kukoje. Ofisi zote zimekariri sentensi moja: njoo baada ya sikukuu. Hiyo wanakwambia tangu tarehe tano. Meneja kaenda kwao, mhasibu kaenda kwao, hata mwenye funguo za chumba cha meneja kaenda kwao. Kwenye ofisi moja Chang'ombe, mpokezi aliigeuzageuza bahasha yangu, kisha akaiweka chini ya mti wa Krismasi wa plastiki, pamoja na maboksi matupu yaliyofungwa karatasi za kumetameta. Nimepita tena wiki hii. Mti umeondolewa, na bahasha pia. Shahada yangu ya ugavi, Baba, ilikuwa pambo.

Ndipo kiwanda kimoja kikatafuta karani wa stoo. Nafasi moja tu. Tuliitwa mie na Raudha, yule rafiki yangu wa chuo tunayekaa naye mtaa mmoja. Afisa wa kiwanda, Dada Sekela, alisema vyeti vyetu vinalingana, kwa hiyo atakayemletea barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa kabla ya tarehe thelathini na moja ndiye atakayeanza kazi. Hatamngoja mtu, kwa sababu siku hiyo naye ana basi la kwenda kwao Mbeya.

Tukakimbilia ofisi ya mtaa. Ilikuwa wazi. Kiti kipo, wino upo, muhuri hakuna. Mzee aliyeachiwa ofisi alitueleza, huku anamenya chungwa, kwamba mtendaji, Bwana Augustine, kaenda kula sikukuu kwao Mbinga, na muhuri kautia kwenye begi, maana mwaka juzi aliuacha na watu wakaugongea mambo ya ajabu. Nikauliza atarudi lini. Akasema baada ya sikukuu. Nilitoka nje nikacheka peke yangu mpaka muuza vocha akaniuliza kama naumwa.

Raudha alirudi kwa Dada Sekela akamwambia ukweli, kwamba muhuri umeenda Mbinga. Mie nilienda Keko, kwenye karakana ya Mjomba.

Hapa nakuomba ukae, Baba. Nilimwonyesha Mjomba barua ya zamani yenye muhuri wa mtaa, nikamwomba anichongee kama ule. Aliutazama muda mrefu. Akaniuliza kama wewe unajua. Nikamjibu kwamba unajua na umeridhia. Basi akaweka pembeni kitanda alichokuwa akikichonga maua, akaokota kipande cha mninga, na baada ya saa moja na nusu nikawa na muhuri. Kwa hiyo usimlaumu shemeji yako. Barua niliiandika mwenyewe, kwa lugha ile ile niliyojifunza mezani kwako, nikaigonga. Muhuri haukulia pa. Ulilia kama kiazi kilichodondoka.

Dada Sekela hakuisoma. Aliutazama muhuri tu, akanisifu kwamba hivi ndivyo anavyofanya mtu mwenye shida na kazi, si kama yule mwenzangu muongo anayeleta hadithi za Mbinga. Akalikata jina la Raudha mbele ya macho yangu. Nikasema ahsante. Ndiyo, Baba, nilisema ahsante.

Nilitakiwa kuanza Jumatatu iliyopita. Nilifika mapema, na Dada Sekela alipoingia nikamwambia yote. Hakukasirika, alichoka tu. Aliniuliza kwa nini nisingenyamaza, maana barua hizo yeye huzitia kwenye faili basi. Nikaiomba barua yangu, nikaichana pale pale, nikamwambia muongo ni mie. Akampigia Raudha aje aichukue nafasi ile. Nilidhani Raudha atanichukia kwa kughushi. Kumbe kakasirika kwa sababu nilimficha! Ati mie shoga gani, nina muhuri ndani simwambii.

Bwana Augustine karudi jana, kanenepa. Raudha alipokwenda kugongewa barua yake nilisimama nje kusikiliza. Pa! Basi nikarudi kwenye bahasha zangu. Sasa ofisi zinasema tusubiri, bajeti ya mwaka mpya haijatoka.

Mjomba nimekwisha mwambia kwamba hukujua lolote. Alichukua patasi akainoa, na tangu juzi ananisalimia kwa kichwa tu. Ukiweza, mpigie.

Nisalimie sana Mama, na majirani wote wanaoniulizia kazi. Waambie bado. Muhuri wenyewe nilishindwa kuuchoma. Nimeufunga kwenye kifurushi hiki ndani ya soksi, kama ulivyokuwa ukiutunza wako, na anayekuletea hajui amebeba nini. Ufanye utakavyoona. Ila usiujaribu mezani, Baba. Mama atasikia hata akiwa jikoni kwamba si wenyewe.

Mwanao,
Nusaiba