Bomba la Darubini ya Baba

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeanza! Kioo cha darubini cha Baba kimelala kabatini miaka miwili kikisubiri nyumba. Alikisugua mwenyewe baada ya kustaafu ualimu — glasi juu ya glasi, unga wa kusagia katikati, yeye akilizunguka barazani pipa alilozitegea, kila asubuhi mpaka majirani wakaniuliza kama mzee yuko sawa. Yuko sawa kuliko wao.

Nyumba yenyewe ni kazi yangu. Miaka kumi na moja naziba bampa za watu kwa faiba, bomba la futi nne litanishinda? Navilaza vitambaa vya nyuzi za kioo kuzunguka bomba la plastiki la maji machafu, napaka resini, vikikauka nalichomoa la plastiki. Nabaki na gamba, jepesi na gumu.

Daktari wa macho juzi hakuficha. Jicho la kushoto la Baba limekwisha. La kulia linaliwa na presha ya ndani ya jicho, kidogo kidogo. Upasuaji hautarudisha kilichopotea, utalinda kilichobaki — na mara nyingine hata hicho huondoka. Asikawie, alisema. Baba akamjibu kwa adabu zote kwamba kwanza auone mwezi kwa kioo chake, kisu baadaye. Na Baba akisema, amesema.

Jumapili, 14 Septemba

Aibu! Nimezidisha dawa ya kukaushia. Mazoea ya gereji — mteja anataka gari kabla ya adhuhuri, mkono umeshazoea kumimina bila kupima. Sijafika hata nusu ya bomba, resini ikachemka koponi, ikafuka moshi. Vitambaa vimekauka na makunyanzi. Baba akauliza kutoka barazani napika nini. Nikasema bampa. Alicheka mpaka akakohoa.

Nimebandua yote. Naanza upya.

Jumatano, 17 Septemba

Tabaka tatu, polepole safari hii. Limetoka zuri jamani!

Dada mkubwa kapiga simu. Anasema kila siku ninayosugua hilo bomba, jicho linapungua. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikamwambia Baba si mwana. Akasema kwa sasa ndiye, na mimi namdekeza. Nikakata simu.

Halafu nikakaa na msasa mkononi bila kusugua. Dada ana haki. Lakini Baba naye ana haki, na jicho ni lake. Naogopa, basi.

Ijumaa, 19 Septemba

Limenasa! La plastiki halitoki ndani ya gamba. Nililiviringishia nailoni resini isilishike, na nailoni nadhani imekunjika mahali. Nimevuta, nimegonga, nimetukana.

Baba akaja akipapasa ukuta. Akapitisha vidole juu ya gamba lote, akasimama: hapa pana kijipu. Kweli kipo. Mimi mwenye macho mawili sikukiona. Kisha akaniuliza kwa ile sauti ya darasani, plastiki ikipoa inafanyaje? Inasinyaa, mwalimu. Sasa unaligongea nini?

Mbio kwa muuza soda, barafu ndoo mbili. Tukaziba mdomo mmoja wa bomba, tukajaza barafu na maji. Robo saa tu — kah! Likateleza lenyewe. Nikaruka. Baba akataka kuruka, akayumba, nikamdaka, tukacheka kama wehu.

Baadaye mezani mkono wake ulikipita kikombe cha chai mara mbili. Nikajifanya natafuta msasa.

Jumanne, 23 Septemba

Nje nyeupe, ndani nyeusi tititi. Kioo kimeshakaa kitako cha bomba, lenzi ya kuchungulia iko ubavuni, karibu na mdomo. Baba alitaka kiwe na kifuniko kisishike vumbi, na kidirisha ubavuni, huko chini, pa kukitolea kifuniko. Kila jicho lina kope, mama, aliniambia — ndivyo anavyoniita mimi bintiye. Kifuniko ni cha kopo la rangi, nacho nimekipiga nyeusi.

Jumapili mwezi utakaribia nusu, na jioni utakuwa juu kabla jua halijazama. Jumatatu hospitali. Dada keshamwandikisha, Baba kakubali. Mwezi kwanza, lakini.

Jumapili, 28 Septemba

Naandika nimesimama, jikoni. Baba na Dada wako uani.

Saa kumi na moja na nusu, mwezi mweupe juu ya paa la jirani. Nililenga kwa skrubu mbili za ubavuni, kama shabaha ya bunduki. Dada kaja na begi la hospitali, kanuna, lakini kaja. Nikataka kuchungulia kwanza nihakikishe. Dada akasema hapana, mwenye kioo aanze. Nikaona haya. Nikampisha.

Baba akainama, akaweka jicho la kulia. Akasogeza kichwa kidogo, akakirudisha. Kisha: "Naona." Akaanza kutueleza — pale mwanga unapokutana na giza pana milima, vivuli vyake virefu. Karibu na katikati mashimo matatu makubwa, yamefuatana, la kwanza ndilo pana kuliko yote. Dada analia! Dada huyu huyu! Baba akajifuta jicho. "Basi. Nimeuona. Kesho nipelekeni."

Zamu yangu. Giza. Nikasogeza bomba — giza. Nikainama kwenye kidirisha kana kwamba nakaza skrubu, nikaingiza mkono.

Kifuniko. Sikukitoa. Mimi, fundi!

Nimekichomoa kimyakimya, kiko mfukoni mwangu. Nikalenga upya, nikachungulia tena. Milima ile. Vivuli vile. Mashimo matatu, yamefuatana, la kwanza pana. Miaka thelathini kafundisha mwezi huu kwa picha ya ukutani.

Kwa hiyo aliona giza, akadhani ni jicho lake limekwisha, akaamua kutupumzisha. Nikimwambia aangalie tena, na kifuniko hakipo, halafu akaona giza lile lile? Nikinyamaza, kesho anaingia chini ya kisu bila kuuona, na kosa ni langu. Nilisema nakuja kuchukua kitambaa. Nimeshakishika, siwezi kutoka.

Dada anachungulia sasa. Anapiga kelele: "Baba! Ni vile vile ulivyosema!"

Nasikia Baba akilipapasa bomba.

Kisha ananiita, taratibu. "Mama, njoo unishike mkono. Hebu niangalie tena."