Nilimwambia Tuko Watano

Alhamisi, mwisho wa Juni. Jua kali, na vumbi la Kamembe limeingia hadi kwenye meza yangu ya ukatibu hapa shuleni. Wenzangu wamekwenda kula. Mimi chakula hakipiti.

Jana nilidanganya.

Mituweli, bima yetu ya afya, inaanza mwaka mpya Jumatatu. Hesabu yake haina fumbo: mchango wa mtu mmoja, mara watu wote wa nyumba. Ila nyumba isipokamilisha, hakuna anayetibiwa kwa kadi, hata aliyelipiwa. Nami nina mimba ya miezi minane. Aline wangu alizaliwa kwa upasuaji, na daktari anasema huenda na huyu ikawa hivyo. Bila kadi, tumekwisha.

Mimi, mume wangu Papa Aline, watoto watatu. Watano. Pesa iliyopo inatosha watano tu.

Wa sita ni Shangazi Mapendo. Ndiye aliyenilea Bukavu. Vita vilipomfukuza alivuka mpaka kuja kwetu na mkoba mmoja, akasema anapumzika wiki mbili. Huu ni mwaka wa nne. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulimpa, tena upesi! Shamba letu la Nzahaha analilima yeye, mimi nikiwa huku napiga chapa barua za mkuu wa shule.

Jana jioni mjumbe wa afya wa kijiji alikuja na daftari lake.

"Maman Aline, munalalaka bantu bangapi humu?"

"Batano."

Upumbavu gani! Mzee yule anasali benchi moja na Shangazi. Kalamu ikasimama.

"Na Maman Mapendo?"

"Ule ni mugeni tu."

Hakubisha. Alifunga daftari, akasema nifikiri vizuri, atarudi leo jioni. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa mlangoni na ungo wa maharagwe. Alisikia yote. Hakununa, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mwana yangu, usisumbuke. Aandike batano. Mi nitarudia kwetu."

Kwetu wapi? Nyumba yake ilichomwa.

Asubuhi niliondoka kabla hajaamka. Niliona aibu kumtazama usoni. Saa nne Papa Aline akanipigia simu: kitanda cha Shangazi kimetandikwa, mkoba haupo. Nikamwambia akimbie barabara ya mpakani, asimwache avuke.

Amepiga tena sasa hivi. Shangazi hakwenda mpakani kabisa. Amemkuta shambani, mkoba ameuweka ukingoni, anang'oa maharagwe. Anasema anamaliza kwanza mistari iliyobaki, asiniachie kazi ya kuinama na tumbo hili.

Nimelia hapa hapa, mbele ya kompyuta ya shule.

Kuna kitenge changu kipya kwa mshonaji wa sokoni, cha ubatizo wa mtoto. Bado hajakikata. Saa kumi nikitoka nakwenda kukichukua, nakiuza, nipate mchango wa mtu wa sita. Mtoto atabatizwa na mama aliyevaa nguo ya zamani, na Mungu hatauliza.

Jioni mjumbe akifungua daftari, nitataja jina la Shangazi kwanza, kabla ya langu.

Lakini yeye je, baada ya yale aliyoyasikia, atakubali kuandikwa?