Kiko Chepesi cha Matembezi ya Jioni

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu mchana ule moyo wako uliposimama, nawe umeinamia kiti cha mteja. Leo mimi nasema na binti yetu anaandika, maana hali ya macho yangu unaijua.

Ulikuwa fundi wa kusuka viti. Viti vilivyochoka kukaliwa vililetwa kwako vimelegea, vikarudi kwa wenyewe vimekaza. Kazi ikikukubali uliimba chini chini. Ikikukataa ulikigombeza kiti kama mtu mzima: "Hebu tulia wewe, nani amekutuma?" Wateja walicheka mlangoni. Mimi hukuwahi kunipandishia sauti. Viti ndivyo vilivyoipata.

Macho yangu yalipoanza kuniishia, nilijifungia ndani. Niliona haya kupapasa kuta mbele za watu. Ukasema, "Bibie, utanishika mkono, tutatembea kila jioni. Watu watadhani tumeoana juzi."

Basi mkono wako mmoja ukawa wangu, wa pili ukabeba kikapu. Wa kushika kiko haukuwepo tena. Daktari alikuwa amekupunguzia hadi kiko kimoja kwa siku, nawe ulikiweka kwa ajili ya matembezi hayo. Lakini kile kiko chako cha zamani kilikuwa gogo! Ulikiuma kwa meno, kikakuvuta taya, ukawa unaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Siku moja kilikuponyoka, moto ukatoboa gauni langu. Nikasema kwa hasira, "Niachie basi, ushike kiko chako!"

Kesho yake ulifunga karakana mapema ukanipeleka duka la tumbaku.

Muuzaji, mama mmoja mwenye sauti nzito, alikupa kiko kitupu. "Kiume kwa meno, usikishike. Sasa sema neno."

"Niseme nini?"

"Chochote. Msifu mkeo."

Ukakiuma, ukasema, "Bibie, umependeza." Kiko kikaanguka juu ya meza, pwaa.

"Hicho hapana," alisema yule mama. "Kinaangusha sifa za watu."

Tulicheka sote watatu. Ukavijaribu vingine. Chenye mrija mrefu ulionyooka kilijitokeza mbele kikavuta meno chini. Chenye kichwa kikubwa ulisema ni sawa na kuuma nyundo. Ulikuwa ukiinama, ukigeuka, ukitembea hadi mlangoni na kurudi. Nilisikia viatu vyako. Mwishowe muuzaji akatoa kimoja kidogo, cha mbao nyepesi, mrija wake umepinda hivi kwamba kichwa kinaning'inia karibu na kidevu. Pale pa kuuma palikuwa bapa na papana, penye ukingo wa kujishikiza nyuma ya meno. Ukaniwekea kiganjani. "Kipime wewe." Kilikuwa chepesi kama kiberiti kilichobakiza njiti chache.

Ukakiuma. "Bibie, umependeza." Hakikuanguka. Ukakilipia, ukarudia maneno hayo njia nzima hadi nyumbani, mpaka nikakuambia nyamaza, watu wanasikia.

Jioni nyingi tulitembea hivyo. Ulinieleza kwa meno yaliyobana nani amepaka nyumba rangi, nani amenenepa, wapi pana shimo. Moshi ulipita upande wangu, nikajua upo.

Siku ile uliponiacha, mdogo wako aliniuliza kiko akiweke wapi. Nikasema kiende nawe, kimo mfukoni mwa suti tuliyokuzika nayo. Koti lako la kazi nilibaki nalo. Miezi ya mwanzo lilinukia tumbaku, nikawa nalala nalo. Sasa nikinusa napata nguo tu. Binti yetu ameuliza, "Mama, na hilo niandike?" Andika.

Anakuja kila anapopata nafasi, hana lawama. Lakini saa yetu ile ikifika yeye yuko kazini, na nyumba inakuwa pana. Nawasha redio ili pawe na mtu anayesema.

Wiki iliyopita nilivaa viatu, nikachukua fimbo, nikatoka. Fundi cherehani wa jirani akaniita, "Mama, unakwenda wapi?"

"Natembea."

"Na nani?"

Nilisimama. Tangu tukuzike nilikuwa sijalitamka jibu la swali hilo kwa mdomo wangu.

"Peke yangu," nikasema.

Akasema, "Mbele yako kuna ngazi, mama. Pita kushoto." Nikapita kushoto, mume wangu. Nikafika mwisho wa mtaa, nikarudi.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako na mumewe, wajukuu zako, mdogo wako fundi rangi na shemeji zako wote, na majirani wanaokalia viti vyako hadi leo.

Hatutaacha kukukumbuka, siku zote tulizobakiziwa.