Jogoo Mwekundu wa Mugeta

Mama Anna wangu,

Mimi na binti yetu tu wazima hapa Mugeta kwa wakwe zake. Jua ni kali. Mchana wote wako shambani, nabaki uani na kuku.

Mmoja alikuwa jogoo mwekundu, mwenye manyoya ya shingo membamba na magumu. Ndoana zilizokuwa zimeadimika zimerudi madukani, lakini manyoya kama yale sijayaona tangu nianze kufunga manyoya kwenye ndoana yawe nzi wa bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti mtoni kwetu. Nzi huyo lazima aelee juu ya maji, na unyoya mgumu ndio unaomshikilia. Nikapanga kumwomba mama mkwe wa Anna anipe machache.

Jana akamchinja kwa heshima yangu. Nilipofika jikoni alikuwa ameshamchovya kwenye maji ya moto. Manyoya yakichemshwa hivyo, hata yakikauka hayasimami tena.

"Mama, nilitaka ya shingoni," nikasema.

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwalimu, kwenu mnakulaga manyoya?"

Nikamweleza habari za samaki anayekula nzi. "Wa ziwani kwetu anakulaga dagaa," akasema. "Kaa, ule."

Firigisi nilipewa mimi. Ilikuwa tamu, lakini niliila nikikuwaza wewe. Miaka yote hii umekuwa ukininyofolea manyoya ya shingo kabla ya maji ya moto, na sikumbuki kukuomba hata siku moja. Wala kukushukuru.

Asante, mke wangu. Mungu akutunze mpaka nifike.

Baba Anna