Ijumaa Dina Alipoimba

Jumamosi usiku, Eldoret

Na kweli walikuja. Sabato imeisha, sasa naweza kushika kalamu, na bado nina furaha hata usingizi haunijii.

Jana mchana nilikuwa nimekata tamaa. Tangazo langu la kuwaalika wanafunzi Wayahudi kwa chakula cha kukaribisha Sabato Ijumaa jioni lilikaa kwenye ubao wa kampasi wiki nzima, na walionipigia simu wote walikuwa Waadventista, ambao nao hushika Sabato. Niliwaeleza kwa upole, lakini ilianza kuniudhi. Labda Myahudi hapa ni mimi peke yangu, na hii kazi niliyojitwika...

Jioni, nilipomaliza kuwasha mishumaa ya Sabato, wawili wakabisha hodi bila hata kupiga simu: Yona, Mganda anayesomea uuguzi, na Dina wa mwaka wa kwanza, ambaye wazazi wake ni Wayahudi wanaolima viazi Nyandarua.

Yona akaanzisha wimbo wa baraka. Dina akaudaka, halafu akaacha katikati.

"Samahani," akasema. "Tangu nije hapa naimba peke yangu, tena kwa sauti ya chini. Rumeti wangu chumbani anadhani mimi ni Mwadventista. Nilimwacha tu aamini hivyo."

Nikamkatia mkate.

Baadaye tulimsindikiza Dina hadi mlango wa hosteli. Rumeti wake alikuwa amesimama hapo. "Mmetoka kanisa gani usiku huu?"

Niliogopa kwa niaba ya Dina.

"Si kanisa," Dina akasema. "Mimi ni Myahudi. Twende ndani nikueleze."

Wakaingia. Mimi na Yona tulipofika barabarani tukaanza kucheka kwa furaha kama watoto.